Muulize Fundi: Mpira wa kunyonya vumbi

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumbani nina randa ya umeme na mashine ndogo ya msasa. Feni yangu ya kunyonya vumbi ina mdomo wa milimita 100. Dukani wananishauri mpira wa milimita 50, eti ni rahisi. Nichukue? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Kwa randa, usichukue. Kipenyo kikipungua nusu, njia ya hewa hubaki robo, na maranda ya mninga yatakwama kwenye kona ya kwanza. Tafuta wa milimita 100, wenye waya uliozunguka ndani ya ukuta wake ili usibonyee feni ikivuta, na ulio laini ndani, kwa sababu mikunjo hupunguza kasi ya hewa. Unaopitisha mwanga ni bora zaidi: utaona palipoziba. Ukate urefu unaofika tu.

Kwa mashine ya msasa, tumia vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi) na mpira wa milimita 32 hadi 38.

Na barakoa, tafadhali, usiivue. Vumbi la mvule huwasha macho na koo, na tangu 1995 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani. Vijana wa karakana yangu hawawashi mashine bila kuivaa.