Mwaka mmoja bila kifo hautoshi kupima mradi wa kuzuia watu kujiua

Mkuu, umeuliza kama mwaka mzima bila mtu kujiua katani kwenu utathibitisha kuwa mradi mnaopanga kuanza unafanya kazi. Hapana. Kata ya watu 8,000, hata kwa kiwango cha vifo 10 kwa kila watu 100,000, haifikishi kifo kimoja kwa mwaka. Mwaka mtupu unaweza kuja wenyewe tu.

Tazama Sri Lanka. Vijiji 180 viligawanywa kwa kura: katika nusu, kaya za wakulima zilipewa makasha ya kufungia viuatilifu kwa kufuli, katika nusu nyingine hazikupewa. Matokeo yalitoka 2017: hakuna tofauti ya idadi ya waliojidhuru kwa sumu hizo. Vifo nchini humo vilikuwa vikishuka tayari, hasa baada ya sumu kali kupigwa marufuku miaka ya 1990. Bila vijiji vya kulinganisha, makasha yale yangesifiwa mpaka leo.

Kwa hiyo achana na idadi ya waliohudhuria semina (hiyo ya mfadhili). Fungua daftari la zahanati: wangapi walijidhuru wakafikishwa, wangapi walitembelewa tena nyumbani. Idadi ikipanda mwanzoni usishtuke, huenda familia zimeacha kuficha. Na daftari la kata jirani isiyo na mradi uliombe mapema, kabla hamjaanza.