Guilala alikuwa kichekesho toka zamani

Eti kuna watu wanasema wamemharibu Guilala, lile zimwi kubwa la filamu za Kijapani, kwa kumfanya komedi? Bro, huyu dude tangu 1967 studio ya Shochiku walipomtoa kichwa chake kilikuwa kama kisahani cha anga kimeota antena, nani alikuwa anamuogopa kweli 😂 Mi nilivyoona dairekta Minoru Kawasaki kamrudisha kwenye filamu ya 2008 anavamia mkutano wa G8 (zile nchi nane kubwa kiuchumi) kule Hokkaido, Japani, na viongozi wanabaki kushindana kumuua, kila mtu na silaha yake ya ajabu, nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu sauti ya Take-Majin, yule mungu jitu anayepigana na Guilala, ni ya staa wa filamu Takeshi Kitano mwenyewe, jamani! Sawa, vichekesho vingine vimevutwa mno, ila mtu ndani ya gwanda la mpira akikanyaga vijumba vya maboksi, hapo sitaki picha za kompyuta zozote.