Wapenda baiskeli mnaoulizia kazi ya duka Uholanzi

Wadogo zangu mnaokimbiza baiskeli za mashindano huko nyumbani mnauliza kama duka la baiskeli Uholanzi linawafaa. Kazi ipo, mafundi hawatoshi. Ila fremu za kaboni mtazishika kwa nadra. Duka la mtaani linaishi kwa pancha.

Baiskeli ya kawaida ya huku ni nzito, cheni imefunikwa na kava, gia zimo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu (Nexus ya Shimano, gia 7 au 8), na nyingi zina breki ya kukanyaga kinyumenyume. Kulitoa gurudumu la nyuma ni shughuli, hivyo pancha huzibwa likiwa palepale. Toa ubavu mmoja wa tairi, vuta tyubu, piga msasa, paka solusheni (gundi ya viraka), subiri mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka. Kikibanduka kesho yake, mara nyingi ni haraka ya fundi: solusheni haikukauka. Kabla ya kurudisha tyubu pitisha vidole ndani ya tairi, kipande cha chupa huwa bado kimo.

Aliyejifunzia kwenye baiskeli ya Phoenix ana faida. Valvu ya Dunlop ni ileile, na baiskeli za kizamani bado zinavaa tairi la 28 x 1½, yaani kipenyo cha rimu milimita 635. Nyingi za sasa ni 622. Zote huandikwa 28, lakini moja haliingii kwenye rimu ya lingine. Soma namba ndogo ubavuni.

Gurudumu likilazimika kutoka, ni nati za spana namba 15, waya wa gia na mkono wa breki, kile chuma kinachoishikiza habu kwenye fremu. Huo mkono usipoufunga tena kwenye fremu, mteja akikanyaga kinyume utazunguka, na breki hana. Gia zikiruka, usikimbilie kufungua habu: weka gia ya 4, linganisha ile mistari miwili ya rangi iliyo kwenye habu kwa kukaza au kulegeza waya. Mara nyingi inatosha.

Cha kujifunza kwa bidii ni baiskeli za umeme. Mota ni wati 250, inakata msaada kwenye kilomita 25 kwa saa, na baiskeli nzima inafika kilo 25 au zaidi, kwa hiyo mgongo wako ndio utajua. Cheni inaisha upesi, hitilafu husomwa kwa kompyuta, breki ni za mafuta. Za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Ukitia DOT (mafuta ya breki za magari), mpira wa ndani unavimba na breki imekufa.

Mshahara wa fundi anayeanza hauko mbali na kima cha chini, ambacho Januari 2025 kilikuwa yuro 14.06 kwa saa kabla ya kodi. Jumamosi ndiyo siku ya wateja, basi sahau kuendesha na wenzako siku hiyo.

Kikwazo kikubwa ni kibali. Kwa mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya, mwajiri lazima kwanza aonyeshe kwamba hakumpata mfanyakazi ndani ya Umoja, na duka dogo haliingii kwenye usumbufu huo. Mwanafunzi anaruhusiwa saa 16 kwa wiki, au kutwa nzima Juni hadi Agosti, na hapo pia mwajiri ndiye anayemwombea kibali. Atakayewaambia mtume pesa awatafutie “kazi ya ufundi baiskeli”, msimtumie.

Aliyekwisha kufika na karatasi zake aombe kazi Februari. Kuanzia Machi foleni ya matengenezo ni ndefu, hakuna mwenye nafasi ya kumwelekeza mgeni.