Pawa saplai ya wati 750 kwa elfu 45: fundi, niichukue?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Ujiji, Kigoma. Nakusanya kompyuta ya kuchezea gemu kidogo kidogo, kila mshahara ukiingia naongeza kitu. Mpaka sasa nina prosesa ya Core i3-12100F na madabodi yake, ramu GB 16, SSD moja, na kadi ya grafiki ya Radeon RX 6600 niliyouziwa na jamaa aliyehamia Dar. Imebaki pawa saplai na kesi. Kule Mwanga nimekuta pawa saplai mbili. Moja imeandikwa wati 750, elfu 45 tu. Nyingine wati 550, ina kialama cha 80 Plus Bronze, laki moja na sitini. Muuzaji ananisukumia ya 750, anasema ina nguvu zaidi. Nimekutumia picha za stika zote mbili. Umeme wetu jioni unashuka mpaka taa zinafifia, na msimu wa mvua radi hazituachi. Nina UPS ndogo ya ofisini nimepewa, kile kisanduku chenye betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Halafu kuna kompyuta ya zamani hapa nyumbani, ukiigusa ubavuni ukiwa peku inakuchoma choma. Je, pawa saplai mpya itamaliza hilo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Chukua ya 550. Najua laki na sitini inauma, na najua ukifika nyumbani utaulizwa kwa nini umelipa zaidi ya mara tatu kwa kitu chenye namba ndogo. Ngoja nikupe cha kujibu.

Kazi ya pawa saplai ni kuchukua umeme wa ukutani, volti 230, na kuugeuza kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kompyuta haigawi mahitaji yake sawa kwa sawa kwenye hizo tatu. Prosesa yako na kadi ya grafiki, yaani wale walaji wakubwa, wote wanakula kwenye volti 12. Hizo nyingine zimebaki na vitu vidogo kama SSD na milango ya USB. Zamani haikuwa hivyo. Prosesa zilikuwa zikila zaidi kwenye volti 5, mpaka ilipokuja Pentium 4 mwaka 2000 na ile plagi ya ziada ya pini nne kwa ajili ya volti 12. Baadhi ya viwanda bado vinatengeneza pawa saplai kwa ramani ya zamani hizo, vinabandika stika mpya na kuiita ya gemu.

Sasa tazama picha yako ya ile ya 750. Usisome maandishi makubwa, soma kijedwali kidogo cha chini. Kwenye +12V imeandikwa 18A, yaani ampea 18, kipimo cha mkondo wa umeme. Zidisha 12 kwa 18, unapata wati 216. Hiyo ndiyo pawa saplai unayouziwa. Wati zinazobaki, kama kweli zipo, zimejazwa kwenye volti 5 na 3.3 ambako huna wa kuzila. Ni sawa na kununua gunia la mchele nusu yake likiwa pumba, halafu muuzaji akusifie uzito.

Nenda kwenye picha ya pili. +12V ni 42A, yaani wati 504 kati ya 550. Hapo mtengenezaji amejua mlaji yuko wapi.

Tupige hesabu ya mahitaji yako. i3-12100F imeandikwa wati 58, ila ikikimbia kwa nguvu zote Intel wenyewe wanaipa hadi 89. RX 6600 ni wati 132. Hao wawili peke yao wanafika 221, na wameshaipita ile ya 216 kabla hujawasha hata feni. Ongeza 50 kwa madabodi, ramu, SSD na feni, uko kwenye 270 hivi. Halafu kadi za grafiki zina tabia ya kuruka ghafla juu ya wastani wake kwa muda mfupi sana. Pawa saplai dhaifu ndipo inapozima kompyuta katikati ya mechi, nawe ukaanza kulaumu gemu. AMD wanapendekeza angalau wati 450 kwa RX 6600. Kwa hiyo 550 halisi inakutosha na inakuachia nafasi ya kubadili kadi baadaye. Zaidi ya hapo usipoteze hela, iweke kwenye kesi inayopitisha hewa.

Kabla ya kulipa, fungua boksi uangalie nyaya. RX 6600 nyingi zinataka plagi moja ya pini nane, na plagi hiyo imepimwa kubeba wati 150. Hakikisha inatoka kwenye pawa saplai yenyewe. Ukiambiwa "utaweka adapta", uliza adapta ya kutoka wapi. Zile zinazochukua umeme kwenye plagi moja ya SATA, ile bapa ya hadi diski, nazikataa kabisa karakana kwangu hapa Tabora. Upande wa volti 12 wa plagi hiyo una pini tatu, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Ukiivutia zaidi ya mara mbili ya hapo, plastiki inaanza kulainika. Nimeshazipokea hapa zikiwa zimeyeyuka zikashikamana, na mwenye kompyuta anasema alisikia tu harufu.

Kuhusu kialama cha Bronze. Ule mpango wa 80 Plus ulianza mwaka 2004, na unapima jambo moja tu: kati ya umeme unaoingia, kiasi gani kinafika kwenye kompyuta na kiasi gani kinaishia kuwa joto. Bronze inatakiwa kufikisha asilimia 85 ikiwa na mzigo wa nusu, na 82 ikiwa na mzigo mdogo au imejaa, kwa kipimo cha volti 115. Kwenye 230 zetu hali huwa nzuri kidogo zaidi. Kwa upande wa LUKU, tuseme kompyuta inahitaji wati 250 na unacheza saa nne kila siku. Kwenye ufanisi wa asilimia 85 unavuta wati 294 ukutani. Kwenye asilimia 70, ambayo si ajabu kwa zile za bei ya kutupa, unavuta 357. Tofauti kwa mwezi ni kama uniti saba na nusu. Si utajiri, ila kama unajibana usivuke uniti 75 ubaki kwenye tarifu ya chini, utaziona. Lakini usikiabudu hicho kialama. Hakisemi lolote kuhusu kinga za ndani wala ubora wa kapasita (vile vikopo vya ndani vinavyohifadhi umeme), na vipimo vyenyewe hufanyika kwenye chumba cha nyuzi 23. Chumba cha nyuzi 23 Tabora mwezi wa kumi, mchana, sijui utakipata wapi.

Kitu ambacho kwa Kigoma nakiweka mbele ya Bronze ni mstari unaoonyesha umeme wa kuingia. Kwenye ile ya 550 naona 100–240V. Hiyo ni pana, inajirekebisha yenyewe. Jioni Ujiji nzima ikiwasha taa na pasi, volti zikashuka hadi 160, itaendelea kufanya kazi. Haifanyi hivyo bure: kuvuta wati 300 kwenye volti 230 ni ampea 1.3, kwenye volti 160 ni karibu 1.9, kwa hiyo nyaya na sehemu yake ya mbele vinapata joto zaidi. Ila inavumilia. Nyingine huandikwa 200–240V, hizo taa zikififia nazo zinazima.

Ile ya 750 ina kiswichi chekundu nyuma kilichoandikwa 115 na 230. Hicho ndicho kilichonifanya nicheke nilipofungua picha. Miaka ya nyuma, Kigoma ikiwa bado inaendeshwa na majenereta ya dizeli, nililetewa kompyuta iliyosafiri kwa treni kutoka huko. Mtoto wa mwenye mali alikichezea kiswichi kikaenda 115. Walipochomeka ukutani ukapigwa mlio kama wa fataki, moshi, kimya. Kiswichi kikiwa 115, saketi ya ndani huzidisha volti mara mbili. Ukiingiza 230 humo unapata karibu volti 650 kwenye kapasita mbili ambazo mara nyingi kila moja imetengenezwa kwa volti 200 tu. Pawa saplai pana haina kiswichi hicho, kwa hiyo hakuna cha mtoto kuchezea.

Sasa hiyo kompyuta inayochoma choma. Pawa saplai mpya haitamaliza tatizo, kwa sababu kosa liko ukutani. Ndani ya kila pawa saplai kuna kapasita ndogo mbili za kuchuja kelele za umeme, zimeunganishwa kutoka nyaya mbili za umeme hadi kwenye bati la kesi, na kesi inatakiwa iende ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Ethi ikiwa haipo, bati linaning'inia katikati, kama volti 115 hivi. Mkondo wake ni mdogo mno, ndiyo maana hukuanguka, lakini peku kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu unausikia vizuri. Na siku kitu cha ndani kikigusana na bati kweli, hakuna njia ya umeme kukimbilia isipokuwa wewe.

Anza na plagi. Je, ina pini tatu, au ni ile ya pini mbili ambayo mnaichomeka kwa kuingiza kalamu kwenye tundu la juu? Usione aibu, nyumba nyingi ninazoingia nakuta kalamu, na kifuniko cha kalamu kimebaki kinazunguka mezani. Tundu hilo ndilo la ethi. Tumia waya wenye pini tatu, kisha mwite fundi umeme mwenye leseni afungue soketi. Mara nyingi utakuta waya wa kijani na njano umekunjwa nyuma haujafungwa popote, au nyumba haina kabisa fimbo ya shaba ardhini. Usikubali aunganishe ethi na nyutro (waya wa kurudishia umeme) hapo kwenye soketi ili "shoti iishe". Itaisha kweli, mpaka siku nyutro itakapokatika nje, na bati lote la kompyuta liwe na volti 230.

Radi sitaizungumzia sana. Hakuna pawa saplai wala kifaa cha madukani cha kuizuia ikipiga karibu. Wingu likijikusanya juu ya ziwa, chomoa ukutani, na kama intaneti yako inakuja kwa waya, chomoa na huo. Umeme ukikatika wenyewe, zima swichi ya soketi usubiri dakika chache baada ya kurudi. Ile sekunde ya kurudi ndiyo inayoniletea kazi nyingi.

UPS yako ya ofisini tazama nyuma yake. Kama imeandikwa VA 650, usidhani ni wati 650. Mara nyingi ni 360 au 390. Kompyuta yako kwenye gemu itavuta 300 na zaidi ukutani, kioo nacho kinaongeza. Itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, si za kumaliza mechi. Betri yake ikiwa na zaidi ya miaka minne, hesabu kwamba imekufa. Jambo jingine, UPS nyingi za bei nafuu zikiingia kwenye betri hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na pawa saplai za kisasa kama hiyo ya 550 wakati mwingine hazielewani nao, zinazima hapo hapo. Ijaribu ukiwa nyumbani: washa gemu, chomoa UPS ukutani, uone. Ikizima, hiyo haiwezi kuikinga kompyuta hii. Iache iwashe ruta.

Ukishafunga kila kitu, azima multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi. Tafuta plagi ya pini nne yenye waya wa njano na mweusi, weka mita kwenye volti za DC, washa gemu zito kwa robo saa halafu pima njano na nyeusi. Inatakiwa isome kati ya 11.4 na 12.6. Ikikaa 11.9 au 12.1 bila kuyumba, sawa. Ikisoma 11.3 huku inashuka, ifunge kwenye boksi lake uirudishe dukani, kwa hiyo risiti usiitupe. Usiifungue mwenyewe uone ndani kuna nini, maana kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Na hiyo kompyuta ya zamani, mpaka soketi itengenezwe, mwambie kila mtu hapo nyumbani asiiguse akiwa peku.