Karavani ya zamani imepasuka bati? Usishike drili kabla hujasoma hapa

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaoanza hii kazi ya kutengeneza karavani za zamani (nyumba ndogo za kuvutwa na gari) ni "hapa nizibe na nini?", na ukiangalia picha unakuta ni kona ya nyuma imegongwa mahali, bati limekunjika na kuchanika kama sentimita 10 hivi. Na mimi kabla ya kujibu huwa nauliza, hilo bati limebeba nini? Maana kwenye hizi karavani za duara za alumini, za makampuni ya Marekani kina Airstream na Bowlus, bati la nje ndo linabeba mzigo. Ndani ya ukuta hamna fremu nzito, kuna mbavu nyembamba tu, na nguvu yote inatokana na bati na mbavu kushikana kwa riveti (vipini vya kupitisha kwenye tundu na kubana bati) nyingi sana. Ni ujenzi wa ndege kabisa. Hawley Bowlus aliyetoa karavani ya Road Chief mwaka 1934 alikuwa mtu wa ndege, ndo alisimamia kujengwa kwa Spirit of St. Louis, ndege ya Lindbergh, kule San Diego mwaka 1927, na Clipper ya Airstream ya 1936 ikapita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiona pasuo jua kuna mzigo umekosa pa kupita, na unaporekebisha unaurudishia njia yake, kuzuia maji ni kazi ya pili.

(Kama yako ina fremu ya mbao na mabati yenye mikunjo yanayofungana pembeni, hiyo ni kazi nyingine, pale mbao ndo zinabeba. Mabati yake mengi hupandishwa kuanzia chini, kwahiyo kubadilisha la chini unaanza kufungua juu. Na usitegemee kukuta mbao nzima.)

Sasa, kitu cha kwanza ambacho watu hawapendi kukisikia: fungua ndani. Toa bati la ndani sehemu iliyoumia, toa sufi yote ya kuzuia joto na baridi, vaa maski na glavu maana panya huwa wamejaa humo na mkojo wao unakula alumini vibaya sana. Angalia mbavu imepinda au imekatika, angalia plaiwudi ya sakafu, ichome na bisibisi, ikizama kirahisi hiyo imeoza, na kiraka kizuri juu ya sakafu iliyooza ni kazi bure kwa sababu ukuta wote unakaa juu ya ile sakafu. Angalia pia pale alumini inapogusana na chuma cha chesisi, ukikuta unga mweupe ujue metali mbili zimekaa pamoja na maji katikati na alumini ndo inaliwa. Hapo unasafisha na kuweka kitu cha kutenganisha kabla ya kufunga.

Kuhusu kubonyea tu bila kuchanika, ushauri wangu ni uache mpaka mkono wako uwe umezoea kazi. Kweli kabisa. Bati likishagongwa limevutika, limekuwa pana kuliko nafasi yake, na ukilipiga na nyundo juu ya chuma kigumu unalivuta zaidi, unaishia na tumbo linalocheza paku paku ukilisukuma na kidole. Kama lazima, sukuma taratibu kutoka ndani na nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga kwa nje, ukianzia pembeni kuelekea katikati. Usipashe moto. Nyingi za hizi karavani zina aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) ya 2024-T3, ugumu wake umepatikana kiwandani kwa joto maalum, ukiweka moto unaua ugumu huo na unaifanya ishikwe na kutu upesi. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali mtu akuambie atachomelea, aloi hii hupasuka pale pale pembeni ya weldi. Na pati za magari, zile za kujazia mabonde, sahau, alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, ukuta wa mita 6 ukipanda nyuzi 40 za joto unaongezeka kama milimita 5 na nusu, hamna pati itakayovumilia hiyo miaka yote.

Silikoni nayo. Mimi nilianza na silikoni na najuta mpaka leo, ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inapokauka, na ikishakaa kwenye mshono hamna kitu kingine kinashika pale, hata silikoni mpya haishiki juu ya ile ya zamani. Nilikaa siku tatu nakwangua mshono mmoja na kipande cha plastiki. Tumia silanti (dawa ya kuzibia mishono) ya poliuretani, kidogo, ndani ya mshono kabla ya kubana, sio tope la kupakwa juu baadae.

Haya twende kwenye kiraka. Ufa mdogo kwanza tafuta mwisho wake kwa lenzi ya kukuzia, toboa tundu la milimita 3 pale unapoishia ili usiendelee, alafu ndo uweke kiraka. Kama bati limekunjamana kata kipande chote, kona zote za duara, hamna kona kali hata moja maana ufa unaofuata utaanzia hapo. Bati jipya liwe aloi ile ile na unene ule ule, mara nyingi ni inchi 0.032, kama milimita 0.8. Chora na maka peni, usichore na penseli, risasi ya penseli ikiachwa kwenye alumini inaanzisha kutu, na usikwangue mstari na msumari maana mkwaruzo ni mwanzo wa ufa. Kama unabadilisha kipande mpaka kwenye mshono, bati la juu lilalie la chini kama unavyoezeka paa, nimeona mtu kafanya kinyume na kila mvua ilikuwa inaingia ndani moja kwa moja.

Kutoa riveti za zamani ndo sehemu inayoharibu karavani nyingi kuliko ajali yenyewe. Weka alama katikati ya kichwa na senta panchi, toboa kina cha kichwa tu, kisha kivunje kwa kukipinda na usukume shina nje na panchi huku mtu ameshika kitu kizito ndani. Ukitoboa mpaka ndani drili inatembea, tundu linakuwa yai, na tundu la yai halishiki riveti, inabidi upandishe saizi. Riveti ya inchi 1/8 inataka tundu la kama milimita 3.3. Kutoka ukingoni mpaka katikati ya tundu acha angalau mara mbili ya unene wa riveti. Bana kwanza na kleko, zile klipu za springi za kupitisha kwenye tundu, moja kila baada ya matundu machache, ondoa vinyuzi vikali vilivyoachwa na drili kwenye kila tundu pande zote mbili, na hapo ndo utaona kama bati limekaa au limevimba katikati.

Riveti za kugonga ni kazi ya watu wawili, mmoja nje na bunduki ya upepo mmoja ndani na chuma cha kukingia. Kabla haijagongwa shina lichomoze mara moja na nusu ya unene wake, ikishagongwa kichwa cha ndani kiwe kipana kiasi hicho hicho na kimo chake nusu ya unene. Hamtasikiana, kwahiyo kubalianeni kugonga bati, sisi moja ni rudia, mbili ni nzuri, tatu ni itoe. Fanyeni mazoezi kwenye mabaki mpaka riveti 50 zitoke sawa. Pop riveti (zile za kuvutwa na koleo kutoka upande mmoja) za kawaida zenye pini ya chuma usiweke nje, ile pini inabaki ndani na kushika kutu, kiraka changu cha kwanza kilianza kutoa michirizi ya kahawia kabla mwaka haujaisha na nikakirudia chote.

Kiraka kipya kitang'aa kuliko jirani zake, usikimbilie kuisugua karavani nzima. Lile tabaka la alumini safi linalokinga aloi ni kama milimita 0.04 tu kila upande, na msasa unalimaliza kwa dakika chache.

Na ndani usifunge bado. Mwagia maji kwa mpira kuanzia chini ukipanda taratibu, dakika kadhaa kila sehemu, mwenzako akiwa ndani na tochi, maana ukianza juu maji yanatiririka na hutajua yameingilia wapi. Alafu subiri mvua mbili tatu za kweli ndo urudishe sufi.