Mkuu futa huo mstari wa posho ya mazoezi kabla hujatuma andiko

Nimesoma swali lako lote kuhusu kikundi chenu cha ngoma na hilo andiko la kuomba hela kwa mfadhili, usajili, wafadhili wa vikundi vya vijijini, bajeti, ila mi nimegota pale uliposema mmeweka posho ya mazoezi 5,000 kila msanii, wasanii 20, mara tatu kwa wiki. FUTA. Usisubiri kikao.

Piga hesabu, 5,000 mara 20 ni laki, wiki laki tatu, mwezi milioni moja na laki mbili. Mradi ukiisha hiyo hela atatoa nani, mtendaji wa kijiji?

Sisi huku Usukumani tulikuwa na kikundi cha bugobogobo, ile ngoma ya majembe. Kwa wasioijua, ngoma hii kwao ni shambani, mkulima anawaita mnamlimia kwa mdundo, jioni anatoa mbuzi au hela inaingia mfuko wa kikundi. Huo mfuko ndo ulikuwa unanunua ngozi, unashona mavazi, unatupeleka Bulabo, lile tamasha la mashindano ya ngoma za Kisukuma pale Bujora karibu na Mwanza mwezi wa sita, tukatambiane na wenzetu, kambi mbili za wacheza ngoma, Bagika huku Bagalu kule. Hatukuwa na hela ya kutamba ila hakuna aliyewahi kuuliza analipwa nini akija mazoezi. Unakuja jioni ukitoka kuchunga kwa sababu wenzio wapo na mabinti wanaangalia, basi.

Akaja mtaalamu wa maandiko kutoka mjini, koti jua la saa saba, laptop kwenye boda. Akatuambia bajeti yetu ni ya kimaskini, mfadhili akiiona hatatuchukulia siriasi, mfadhili anataka aone hela inaenda kwa walengwa moja kwa moja, kwa hiyo tuweke posho ya mazoezi. Wazee wawili wakaguna tukawaona wa zamani. Kwenye kamati mimi ndo nilikuwa napigia debe kuliko wote, nilishaanza kuvaa shati la mkono mrefu.

Hela ikaingia kweli, awamu ya kwanza. Yule bwana akakata asilimia yake juu kwa juu, simu yake tangu hapo "haipatikani kwa sasa". Sikiliza kilichotokea. Kikundi kikavimba, watu ambao hata kupiga makofi hawajui wakawa wachezaji, watoto wa mjumbe fulani wakajua ngoma ghafla kama wameoteshwa usiku. Karatasi ya mahudhurio ikawa na saini nyingi kuliko miguu iliyopo uwanjani. Ugomvi kila Ijumaa, huyu kachelewa apewe nusu, yule alikuwa anaumwa naye anadai yake.

Kilichotuua kabisa ni hiki. Msimu wa kulima mzee mmoja, mteja wetu wa miaka yote, akaja kutuita shambani kwake kama kawaida. Vijana wakamuuliza kila kichwa shilingi ngapi, maana mradi unatupa elfu tano kwa kurukaruka tu bila hata kushika udongo, wewe unatupa mbuzi mmoja watu wote hawa? Mzee hakubishana, akaenda kukodi plau ya ng'ombe. Wakulima wengine wakasikia wakaacha kutuita. Hapo ndo tulipoufunga ule mfuko wetu wa asili kwa mikono yetu na hatukujua.

Awamu ya pili ikachelewa, ikaja pungufu kwa sababu fundi wetu wa ngoma ni mzee wa kijijini hana EFD, ile mashine ya risiti za kodi, mkaguzi akazikataa risiti zake za daftari. Ilipoisha nikatangaza mazoezi Jumatano. Tulikuja wanne na mmoja alikuwa anapita tu. Sasa hivi ngoma ziko stoo, panya wanafanya mazoezi kila usiku bila posho, wana nidhamu kutuzidi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: hela ya mfadhili isiguse kitu ambacho watu wenu wanakifanya bure leo. Omba ngoma mpya, mavazi, spika, jenereta, stoo yenye kufuli, nauli na chakula mkialikwa mbali. Posho weka siku ya onyesho tu, tena nje ya kijiji. Na shamba la kikundi kama mfadhili anakubali, hilo litabaki yeye akishaondoka. Wakikwambia bajeti ndogo waambie ndo ukubwa wetu.

Usajili nenda kwa afisa utamaduni wa wilaya atakuelekeza mambo ya BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa, sio kitu cha kulipia dalali. Na mtu akikuletea habari za asilimia 10 za mapato ya ndani ya halmashauri zinazotengewa vikundi, zile 4 wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu, ni kweli hazina riba, ila ni MKOPO, zinarudishwa, msije mkazigawana posho nazo mkaishia kukimbiana na mtendaji.

Hilo andiko mwisho wa kutuma lini? Kama bado kuna muda weka hapa ule ukurasa wa bajeti, ficha majina, nikuonyeshe pa kuihamishia hiyo milioni na laki mbili. Na kama kuna mtu wa koti anawasaidia kuandika, muulize kwanza analipwa vipi.