Kwa wataalamu wa zabibu mnaoanza Dodoma: jina la mtandaoni linavyojengwa

Wadogo zangu mnaotoka vyuoni kuja Dodoma kutoa ushauri wa zabibu, kila tukikutana mnaniuliza swali lile lile: kaka, wateja unawapata wapi? Wengi wananipata kupitia simu. Wameona picha Instagram au kwenye stetasi ya WhatsApp, wakapiga. Ni kazi ya miaka tisa, na imo siku moja niliyoteleza vibaya.

Anzeni na yale maneno mafupi chini ya jina. Mimi nilikuwa nimeandika "mtaalamu wa kilimo, mshauri, mjasiriamali". Mkulima wa Mpunguzi akisoma hayo hajui nitamsaidia nini. Nilipobadilisha nikaandika "Upogoaji na magonjwa ya zabibu, Dodoma", zikaanza kuingia simu za watu wenye shida ninazoziweza. Jina liwe la kwenye cheti, lile lile kila mahali, na picha ya uso iwe ile ile. LinkedIn naweka na Kiingereza, maana huko wapo watu wa mashirika na viwanda vya mvinyo. Kwingine kote ni Kiswahili, tena cha shambani.

Kisha onyesheni kazi yenyewe. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mna misimu miwili ya kuonyesha. Msingoje vichala vijae ndipo mtoe simu. Picha hiyo kila mtu anayo. Piga picha mzabibu kabla hujaugusa, matawi yamesongamana. Piga ukishapogoa. Rudi machipukizi yakitoka, simama pale pale, piga tena. Picha yangu iliyosambaa kuliko zote ni ya jani moja tu kiganjani, limepakaa weupe kama limemwagiwa majivu, nami nimepitisha kidole gumba katikati, unga ukafutika, kijani kikatokeza. Chini nikaandika: huu ni ubwiri unga, usidhani ni vumbi la barabara. Watu wengi walikuwa wanaona vumbi, kumbe ni ugonjwa wa ukungu.

Ila posti hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza. Niliandika "piga salfa", ile dawa ya ugonjwa huo, nikaishia hapo. Mkulima mmoja wa Hombolo akaipiga saa saba mchana, jua la Oktoba liko utosini. Salfa ikipigwa kwenye joto la kuzidi nyuzi 30 hivi huunguza majani. Alinitumia picha tu, bila neno: majani yamebabuka kingoni, mengine yamejikunja. Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Kufuta posti ni kugusa mara moja, na nilitamani kuifuta.

Nikawasha pikipiki nikaenda. Tulipita mstari kwa mstari, nikamuomba radhi, nikamhudumia msimu mzima bila malipo. Halafu, kwa ridhaa yake, nikaziweka zile picha na kueleza kwamba kosa ni langu: sikutaja saa ya kupiga, sikumwambia mtu asome kipimo kwenye lebo. Nilijua nimejimaliza. Wiki ile ile mzee mmoja wa Makutupora akanipigia, akasema, "Mwanangu, nimekutafuta kwa sababu umekiri." Bado ni mteja wangu. Tangu hapo sitaji dawa mtandaoni bila kutaja saa ya kuipiga, na naweka picha ya lebo.

Ridhaa hiyo ombeni kila mara, kabla ya kupiga na si baada ya kuposti. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, uso wa mtu na hasara yake si mali yako. Na picha ya shamba la mwenzio usiiite yako. Dodoma zabibu ni za watu wanaofahamiana, utaumbuka ndani ya siku mbili.

La mwisho ni majibu. Ujumbe wa mkulima ukiingia usiku, ujibiwe alfajiri kabla hajatoka na bomba la kupulizia. Kama hulijui jibu, mwambie asipige chochote kwanza, uwapelekee lile jani wataalamu wa TARI Makutupora, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, waliangalie, na jioni mrudishie walichosema.